Jirani Aliyetusomea Sinema

Mwezi uliopita binti yangu alinivuta mkono tukaenda kutazama filamu hapa Bujumbura. Kuna ukumbi mdogo karibu na tunapoishi, ambako vijana wa mtaa wameanza kuonyesha kila Ijumaa jioni kazi za watengenezaji filamu weusi: wa Afrika, wa visiwa vya Karibi, wa Amerika. Viti vya plastiki, kitambaa cheupe ukutani, feni moja inayolalamika. Filamu ilipoanza watu walisema kwa lugha nisiyoijua, na maneno ya Kifaransa yakawa yanapita chini ya picha. Mle ndani kila mtu alikuwa anasoma kimya. Mimi nilikuwa nimezama kabisa, mpaka binti yangu aliponifinya pajani.

"Mama, unasema nini? Watu wanakuangalia."

Kumbe nilikuwa nayasoma yale maneno kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Midomo ilikuwa imeanza yenyewe. Nikawaomba radhi waliokaa mbele yangu, nikanyamaza, lakini filamu yenyewe sikuiona tena vizuri. Nilikuwa nimerudi Rumonge, mji wa kwetu kando ya ziwa. Nilikuwa msichana mdogo, nimekaa juu ya mkeka ndani ya ghala linalonukia mawese, na mtu ambaye bibi yangu hakuwa anamsalimia alikuwa ananisomea dunia.

Kaa basi nikusimulie, maana nimegundua kwamba kisa hiki sijawahi kumpa mtu kuanzia mwanzo.

Tulirudi Burundi kutoka Tanzania nikiwa bado mdogo. Nasema tulirudi, lakini ukweli ni kwamba aliyerudi alikuwa bibi peke yake. Mama yangu aliondoka akiwa mgongoni mwa bibi, hakumbuki kitu. Mimi nilizaliwa kule, kwenye kambi ya wakimbizi. Nchi hii tuliijua kwa mdomo wa bibi tu: ziwa linalobadilika rangi kabla ya mvua, mukeke, samaki wa ziwa hilo, anayechomwa mpaka mafuta yake yanadondoka kwenye makaa, na shamba la michikichi kwenye njia ya kwenda Kizuka, ambayo marehemu babu aliipanda kwa mikono yake mwaka aliomuoa. Kule kambini, udongo ulikuwa mwekundu na maji ya foleni, na bibi alikuwa akitulaza kwa kutuhesabia vitu vya Rumonge, hivi na hivi, mpaka tunasinzia.

Tulipofika, ziwa lilikuwepo. Mukeke walikuwepo. Michikichi ya babu ilikuwepo pia, imekuwa mirefu sana, na chini yake palikuwa na nyumba ya matofali yenye mlango wa kijani, mbuzi, kuku, watoto wa rika langu, na mzee mmoja aliyesimama uani ameshika kofia yake mkononi.

Mzee huyo alikuwa muuguzi mstaafu. Watu wote walimwita Muganga. Alikuwa ametoka kwenye milima ya ndani, akapewa shamba lile na wakubwa wa zamani wakati lilipokuwa tupu, wenyewe wamekimbia. Hakuwa amemfukuza mtu. Lakini bibi naye hakuwa ameliuza kwa mtu. Viongozi wa mtaa walituonyesha kona moja ya shamba tujishikize hapo wakati mambo yanaangaliwa. Tukatandaza shitingi, yale maturubai tuliyokuja nayo kutoka kambini, baadaye tukajenga nyumba ya udongo. Kati ya mlango wetu na mlango wa kijani palikuwa na mistari michache ya michikichi, na mambo yakaendelea kuangaliwa mwaka mzima, kisha mwingine.

Bibi hakuwahi kumtukana Muganga. Hakugombana naye kwa sauti hata siku moja. Yeye alikuwa hamuoni tu. Alimpita njiani kama mtu anavyopita kisiki. Muganga alikuwa akisema "Amahoro, mama," na bibi akiendelea kutembea na beseni lake la ndagala, dagaa wa kwetu, kichwani, shingo imenyooka. Mikungu ya chikichi ikiiva, watu wa kila upande walikuwa wakiangaliana nani atapanda kwanza kuikata, na mara nyingi iliozea juu huko huko, ndege wakaifaidi.

Ungeniuliza wakati ule shida yangu ni nini, nisingekutajia shamba. Shida yangu ilikuwa shule. Kule nilikotoka tulisoma kwa Kiswahili. Hapa masomo yalikuwa kwa Kirundi na Kifaransa, na kila nilipofungua mdomo darasa lilicheka. Waliniita Mutanzania. Wajukuu wa Muganga walikuwa darasa langu, na ndio walionicheka zaidi, au mimi niliona hivyo. Nyumbani nilikuwa na kazi zangu: kuchota maji, kuanika ndagala za bibi kwenye mchanga na kuwafukuza kunguru, kuchambua chikichi mpaka vidole vinakuwa rangi ya machungwa na havitakati kwa sabuni. Nilizipenda kazi hizo kuliko darasa, kwa sababu samaki hawacheki.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa dada mwembamba kutoka Bujumbura. Kila mtu alidhani angeomba uhamisho baada ya muhula mmoja. Sisi tulimwita Madamu. Siku moja alituambia tuchore mtu tuliyemuona kwenye sinema. Kazi rahisi, maana wote tulikuwa tunachungulia kwenye mabanda ya video karibu na mwalo wanakotua wavuvi. Tukachora kwa furaha. Madamu akapita kati ya madawati akiangalia. Wanaume wenye bunduki, wanaume wa karate, mabinti wa Kihindi wenye nywele zinazofika kiunoni. Alipita mistari yote bila kusema neno, akarudi mbele, akakaa juu ya meza yake, kitu ambacho walimu hawakuwa wanafanya.

"Hakuna hata mmoja," akasema, "amechora mtu anafanana na mama yake?"

Tukacheka. Tulidhani anatania. Mama yako ataingiaje kwenye sinema?

Sijui alichokifanya baada ya pale, nani alimwandikia na nani alimkopesha. Najua tu kwamba alikuwa na rafiki aliyesoma mbali, na rafiki huyo alikuwa na filamu nyingi zilizotengenezwa na watu weusi, na projekta. Najua pia kwamba Madamu alikwenda kumuona mfanyabiashara mmoja wa mawese katika mtaa wa Waislamu, akamuomba ghala lake siku za Jumapili. Mzee yule alikubali kwa masharti. Sinema ianze baada ya sala ya adhuhuri, iishe kabla ya alasiri, na pasiwe na picha za kumfedhehesha mtu akiwa amekaa na mkwe wake.

Basi ghala likawa sinema. Mapipa yalisukumwa pembeni. Fundi cherehani wa sokoni aliunga mashuka mawili meupe yakawa kitambaa kimoja, na mshono wake ukapita katikati, kwa hiyo kila mtu tuliyemuona kwenye filamu zile alikuwa na mstari mwembamba usoni, nasi tukauzoea. Madirishani palihitajika giza, na familia zilizotoka Tanzania zikaleta shitingi zao. Mpaka leo namkumbuka mama mmoja akipigilia msumari kwenye turubai lililomkinga na mvua ya miaka, akisema, "Acha nayo ipumzike, iangalie sinema." Jenereta liliwekwa nje nyuma ya ukuta. Watoto mbele kwenye mikeka, wanawake kwenye vigoda walivyokuja navyo, wanaume wamesimama nyuma kana kwamba wako njiani kwenda mahali pengine. Wavuvi wa Kikongo walikuja wamelala nusu tu, maana usiku walikuwa ziwani na taa zao. Kulikuwa na karanga za kuchemsha na mandazi ya moto, na harufu ya mawese iliyotuingia kwenye nguo mpaka Jumatano.

Kila Jumapili, kabla ya kuzima taa, Madamu alitueleza aliyetengeneza filamu. Hakusoma mahali popote. Alituambia tu, kama mtu anayemleta mgeni nyumbani: leo iko kazi ya kaka mmoja, baba yake alikuwa dereva wa lori jangwani, leo iko kazi ya dada mmoja, alianza kwa kupiga picha za harusi. "Aliyeandika ni mweusi kama ninyi. Aliyeshika kamera, aliyekata na kuunga picha, hata aliyewapikia chakula. Tumushukuru." Na sisi tukawa tunapiga makofi kuelekea kile kitambaa cheupe kitupu, tukimpigia mtu aliye mbali ambaye hatajua kamwe. Mwanzoni tuliona ni upuuzi. Baadaye ilikuwa sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Lugha ilikuwa tatizo. Filamu zile zilisema lugha za huko kwao, na maneno ya chini yalikuwa Kifaransa. Kifaransa kingetuacha sisi wa Tanzania nje pamoja na wazee wote. Kirundi kingewaacha wavuvi wa Kongo. Kwa hiyo Madamu alisimama pembeni ya kitambaa, akasoma maneno yale kwa Kiswahili, moja kwa moja, filamu nzima.

Ya kwanza ilikuwa ya msichana anayetafuta dawa ya mama yake katika mji wenye mchanga mwingi. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyelipua gari. Nilingoja bunduki itokee na haikutokea. Lakini daktari alikuwa mweusi, na mwizi alikuwa mweusi, na tajiri alikuwa mweusi, na yule msichana alisukwa nywele kama mimi, tena alikuwa na kidonda gotini kama mimi. Mvulana mmoja nyuma yangu aliropoka, "Eh! Hata daktari iko mweusi?" na watu wakacheka, kisha kicheko kikaisha, kila mtu akifikiria lake.

Niliporudi nyumbani nilisimulia mpaka ugali ukapoa. Bibi alisikiliza akichambua ndagala. Alikuwa akisema sinema ni kazi ya watu wasio na kazi. Jumapili iliyofuata alibeba kigoda chake mwenyewe, akavaa kitenge cha kanisani, akaja.

Alipenda tangu siku ya kwanza. Bibi alizungumza na filamu kama anazungumza na majirani. "Usiingie humo, mwanangu." "Muone huyu, anadanganya." Kulikuwa na filamu moja ya wale wenzetu waliozaliwa ng'ambo, wajukuu wa waliopelekwa kwenye meli, ya mama mmoja anayepika na kuimba siku ya mazishi. Ilipokwisha bibi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Madamu, hao waliochukuliwa, walirudi?"

"Wengi hawakurudi, bibi."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Usiku ule, tulipokuwa tunaota moto, alisema tu, "Mimi nimerudi," kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiweka mahali akakisahau.

Kisha Madamu akapoteza sauti. Kwanza ilikwaruza, baadaye ikazimika kabisa, na Jumapili ile alisimama mbele yetu akinong'ona kwamba filamu ipo lakini msomaji hayupo. Akauliza kama kuna mtu anayejua Kifaransa vizuri na anaweza kusoma haraka. Watu wakageuka kuangaliana. Walimu wengine walikuwa hawaji siku za Jumapili. Mwisho, kule nyuma kwa wanaume waliosimama, mtu akakohoa, akatembea mbele ameshika kofia mkononi.

Alikuwa Muganga.

Bibi aliinuka palepale, akachukua kigoda chake, akaelekea mlangoni. Lakini taa ilikuwa imeshazimwa na picha imeanza, na alipofungua mlango jua lote la saa nane likaingia, kitambaa kikawa cheupe tupu. Ghala zima likapiga kelele, "Mlango! Mama, mlango!" Bibi akasimama pale kizingitini, nusu nje nusu ndani. Akaufunga mlango, akabaki upande wa ndani, akaketi hapo hapo karibu na mapipa.

Muganga akasoma. Kifaransa alikijua sana, maana alikuwa ameandika kwa lugha hiyo maisha yake yote hospitalini. Kiswahili chake ndicho kilikuwa cha sokoni. "Mutoto iko analia," akasema, "sababu mama yake iko amekwenda mbali." Sisi watoto wa Tanzania tukaanza kugongana viwiko kwa vicheko. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sisi tunaocheka lugha ya mtu, na wajukuu wake walikuwa wameinamisha vichwa. Ghafla, kutoka gizani karibu na mapipa, sauti ya bibi ikatoka, kavu:

"Mtoto analia."

Muganga akageuza kichwa.

"Mutoto analia," akarudia.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyopeana wale watu wawili, nami nilikuwepo.

Sauti ya Madamu ilirudi baada ya muda, lakini kazi ya kusoma hakumnyang'anya Muganga. Aliona tulichokiona sote. Muganga hakuwa anasoma tu. Alikuwa mtu aliyezoea kukaa ukingoni mwa vitanda na kuwaambia watu habari ngumu bila kuwakimbia, na sauti hiyo ndiyo aliyowapa watu wa kwenye filamu. Mtoto aliposema, ulisikia mtoto. Mama aliyefiwa aliposema, wanawake wa ghalani walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Na Jumapili baada ya Jumapili bibi alimrekebisha kutoka kwenye kigoda chake, kwanza kwa ukali, baadaye kama mtu anayemsogezea mwenzake chumvi. "Shamba langu, si shamba yangu." "Shamba langu," alirudia Muganga, na filamu ikaendelea. Njiani bado hakumsalimia. Ilikuwa kana kwamba ndani ya ghala walikuwa watu wengine.

Sijui kama Madamu aliichagua filamu ile makusudi. Nilimuuliza nilipokuwa mkubwa, akaapa kwamba hapana, kwamba rafiki yake alituma tu. Ilikuwa kazi ya mwanamke, alituambia hivyo kabla ya taa kuzimwa, na tukampigia makofi kama kawaida. Ilihusu mama mzee anayerudi kijijini kwake baada ya vita virefu, na kukuta mtu mwingine analima shamba la marehemu mume wake.

Unaelewa jinsi ghala lilivyokuwa. Nusu ya waliokaa mle walikuwa wamerudi, na nusu walikuwa wamekutwa. Karanga zilikoma kutafunwa. Kwenye kitambaa yule mama mzee alisimama mbele ya nyumba isiyo yake, akaanza kusema, na Muganga akaanza kusoma.

"Mimi niliondoka hapa na mutoto mgongoni," akasoma. "Kila mti unaouona, mume wangu..."

Akasimama. Kwenye picha mdomo wa yule mama uliendelea kucheza na hakuna aliyejua anasema nini. Jenereta lilinguruma nje. Mtu mmoja nyuma alisema, "Soma, muzee," lakini taratibu. Muganga hakusoma. Nilimuona kwa mwanga wa kitambaa, amesimama ameifinya ile kofia.

Ndipo bibi aliposema. Hakupaza sauti.

"Sema, Muganga. Usimkate. Sema vile anavyosema."

Na yeye akasema. Akasoma yote, kila neno la mama yule: njia aliyopita, watoto aliowazika nchi za watu, jinsi alivyokuwa akilihesabu shamba lile usiku ili asilisahau. Hakukosea hata ngeli moja. Bibi yangu alikuwa amekaa ameweka mikono magotini, anasikiliza maisha yake yakitoka kwenye kinywa cha mtu yule yule.

Kisha kwenye filamu ikawa zamu ya yule mkulima, aliyesimama mlangoni. Muganga akamsomea na yeye. "Mama, mimi pia nilipewa. Sikuja hapa na mkuki. Nimezika mutoto wangu chini ya mti ule." Akaendelea, polepole zaidi. "Lakini nilijua kwamba miti haijioteshi yenyewe. Nilijua kuna mutu aliipanda. Miaka yote sikuuliza ni nani, kwa sababu niliogopa kujibiwa. Ningepaswa kuuliza. Nisamehe, mama."

Sisi tusiojua Kifaransa tulidhani ni filamu. Madamu, aliyekuwa amekaa karibu nami kwenye mkeka, aliniambia miaka mingi baadaye kwamba yule mkulima wa kwenye filamu alisema sentensi chache tu, akaingia ndani akafunga mlango. Maneno yale ya mwisho hayakuwa yameandikwa popote. Kitambaani palikuwa pameshakuwa na mbuzi wanaopita barabarani, na Muganga alikuwa bado anasema.

Bibi hakujua Kifaransa, lakini mbuzi aliwaona. Na kaburi dogo lililozungushiwa mawe, upande wa pili wa michikichi yetu, alikuwa akiliona kila asubuhi.

"Tumesikia," akasema. "Endelea na sinema."

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakoka moto wa kuchemshia chikichi Muganga alipokuja. Alisimama kwenye mstari wa kwanza wa miti, mahali alipokuwa akisimama siku zote, akaita, "Amahoro, mama."

"Amahoro," bibi akajibu. "Karibu chai."

Mama yangu alikaribia kuangusha sufuria. Mjomba, mdogo wa mama aliyezaliwa kambini kama mimi, ambaye alikuwa amesharudi mara nyingi kutoka kwenye vikao vya viongozi akiwa na hasira, alisimama akasema kwa sauti ya juu, "Mama, utakunywa chai na mtu aliyekalia shamba la baba?"

"Nimezeeka nikingoja," bibi akamjibu, bila kumuangalia. "Sitaki na wewe uzeeke hivyo. Mletee mgeni kigoda."

Walikunywa chai. Kisha wakaenda shambani wao wawili, wakatembea kati ya miti wakigusa shina moja moja. Sisi watoto tulifuata kwa mbali. Hawakukubaliana siku ile, wala wiki ile, na kuna siku nilimsikia bibi akimwambia kwamba kichwa chake ni kigumu kama kokwa. Lakini walikuwa wanasema. Mwishowe waligawana, upande wa barabara ukawa wetu na upande wa mlango wa kijani ukabaki kwake, na mstari wenye kaburi la mtoto bibi mwenyewe ndiye aliyesema usiguswe. Mjomba alinuna karibu mwaka mzima. Viongozi walipokuja kuamua, walikuta wenye shamba wameshaamua, wakala mukeke wa kuchoma wakaenda zao. Msimu ule chikichi ilikatwa yote, na mimi na wajukuu wa Muganga tuliichambua pamoja uani kwao. Wao ndio walionifundisha Kifaransa changu. Mimi niliwafundisha kusema "mtoto".

Sinema zile hazikudumu. Mvua kubwa ilikuja, mawese yakahitaji ghala, projekta ikarudi kwa mwenyewe, na Madamu akapata uhamisho, tena bila kuuomba. Alilia hadharani siku ya kuondoka, na wanawake wa sokoni walimjazia gari ndagala mpaka dereva akalalamika. Pale penye ghala sasa pana duka la simu lenye vioo. Wavuvi wale wa Kikongo wengi walirudi kwao. Watoto wa Rumonge wana filamu za dunia nzima mkononi, kila mmoja na yake, masikioni mwake, na sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba hakuna anayepigia mlango kelele, kwa sababu hakuna giza la kugawana.

Muganga alizeeka vibaya, macho yakaingia ukungu, mwisho hakuona kitu. Bibi alikuwa akivuka michikichi saa za jioni, anakaa naye ukutani penye kivuli, anamsimulia filamu zile tulizoziona ghalani, moja moja, nguo walizovaa, jinsi walivyotembea. Nilipokuwa nakuja likizo niliwakuta hapo. Mara ya mwisho walikuwa wanabishania ile ya mama aliyerudi. Bibi alisema kwamba mwishoni, yule mkulima alipompa ufunguo, mama yule alilia. Muganga alisema hapana, alisimama tu akaangalia miti.

"Nilikuwa nimekaa mbele, nimemuona," akasema bibi.

"Na mimi nilikuwa mdomo wake," akasema Muganga. "Hakulia."

Wote wawili hawapo tena. Nimeitafuta filamu ile kwa muda mrefu, maana mwisho wake mimi sikuuona, macho yangu yalikuwa kwa bibi. Madamu, ambaye bado tunaandikiana, amelisahau jina lake, na rafiki yake naye hakumbuki. Simjui mwanamke aliyeitengeneza, wala kama yu hai, wala kama aliwahi kusikia kwamba kuna mji unaoitwa Rumonge. Huenda alikufa akidhani kazi yake ilionwa na watu wachache tu mjini kwake. Namshukuru bila kujua jina la kumwitia. Na kama mtu atamjua, naomba amuulize kwa niaba yangu jambo moja tu, maana hapa kwetu hakuna tena wa kulijibu: yule mama alilia, au alisimama tu akaangalia miti?